Wapuritani wa Massachusetts: utajiri wao ulitoka wapi?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa Kitanzania, naishi Worcester, Massachusetts. Mwanangu yuko darasa la saba na amepewa kazi ya kuandika historia ya mji wetu tangu enzi za Wapuritani. Kanisani tumezoea kusikia kwamba Wapuritani walikuja huku kutafuta uhuru wa dini, wakalima kwa bidii ardhi iliyojaa mawe, Mungu akawabariki, na ndiyo maana jimbo hili ni tajiri. Mwanangu amerudi shuleni anasema huo ni uongo mtupu, kwamba walikuwa wezi wa ardhi na wenye watumwa, basi. Tumebishana mpaka chakula kikapoa. Mimi sikusomea historia. Nani yuko sahihi? Na nimsaidieje bila kumdanganya na bila kumvunja imani?"

JIBU: Marahaba, dada. Naona mzigo ulio nao: mtoto ameanza kuuliza maswali mazito, na wewe hutaki achague kati ya kitabu cha shule na kanisa la mama yake. Nikujibu bila kuzunguka. Mwanao ana hoja nzito, na nyingi ya hoja hizo zina ushahidi wa maandishi ya Wapuritani wenyewe, yaani wale Waprotestanti wakali kutoka Uingereza. Wewe nawe una hoja, maana dini ilijenga mambo mengi pale ambayo bado yanaonekana. Lakini nyote wawili mmekiacha kipande kinachoeleza fedha ilitoka wapi. Kipande hicho hakiko kwenye shamba la mawe. Kiko baharini, kwenye njia ya meli kati ya Boston na visiwa vya sukari vya Karibi.

Tuanze na uhuru wa dini, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Kuna makundi mawili yanayochanganywa. La kwanza ni la abiria 102 wa meli ya Mayflower waliofika Plymouth mwaka 1620. Kiini chao kilikuwa Wakristo waliojitenga kabisa na Kanisa la Uingereza. La pili, lililokuwa kubwa na lenye mali zaidi, ni la Wapuritani waliokuja na John Winthrop mwaka 1630 na kuanzisha koloni la Massachusetts Bay. Hawa hawakusema wamejitenga. Walitaka kulitakasa kanisa, na kuonyesha kwa mfano jinsi jamii nzima inavyoweza kuishi chini ya agano na Mungu. Katika miaka ya 1630 walifuatwa na maelfu, hadi jumla ikakaribia watu 20,000, wengi wao wakiwa familia nzima, baba, mama, watoto na wafanyakazi wa nyumbani.

Walichotafuta ni nafasi ya kuabudu kwa namna yao, na ya kuhakikisha kwamba wanaoishi nao wanafuata namna hiyo hiyo. Tangu 1631 aliyetaka kupiga kura katika mambo ya koloni alipaswa kuwa mshirika wa kanisa. Roger Williams, mchungaji aliyesema serikali haina mamlaka juu ya dhamiri ya mtu na kwamba mfalme hawezi kugawa ardhi ya wenyeji, alihukumiwa kufukuzwa mwaka 1635, akaenda kuanzisha Providence. Anne Hutchinson, mwanamke aliyekusanya watu nyumbani kwake kujadili mahubiri, alishtakiwa mwaka 1637 na kufukuzwa. Kati ya 1659 na 1661, waumini wanne wa kundi la Kikristo la Marafiki, wale wanaoitwa Wakweka, walinyongwa Boston kwa sababu walirudi baada ya kufukuzwa. Mmoja wao alikuwa Mary Dyer. Kwa hiyo sentensi ya "walitafuta uhuru wa dini" si uongo, ila imekatwa katikati. Mwambie mwanao aimalizie: uhuru wa dini yao.

Sasa nimgeukie mwanao. Kusema hawa walikuwa wezi "basi" kunamfanya akose kuona kitu cha ajabu, kwamba Wapuritani wa mwanzo walikuwa na hofu kubwa ya faida. Kuna kesi moja ningependa aisome. Robert Keayne alikuwa mfanyabiashara wa Boston, tajiri, mshirika wa kanisa. Mwaka 1639 alishtakiwa mbele ya mahakama ya koloni kwa kuuza bidhaa ghali mno: misumari, vifungo, vitu vya dukani vya kawaida. Walidai kwamba kwenye vitu vingine alichukua faida ya nusu ya mtaji, na kwenye vidogo mara mbili ya bei aliyonunulia. Mahakama ilimtoza faini ya pauni 200, baadaye ikapunguzwa hadi 80. Kanisa nalo likamwita, akasimama mbele ya ushirika akakiri kwa machozi kwamba moyo wake una tamaa. Kisha mchungaji John Cotton akahubiri juu ya biashara: ni kosa kusema mtu anaweza kuuza ghali kadiri awezavyo na kununua rahisi kadiri awezavyo, na mfanyabiashara akipoteza mali baharini hasara hiyo ni yake, asiwapandishie bei wateja ili airudishe.

Keayne hakusahau. Mwaka 1653 alianza kuandika wosia wake, zaidi ya kurasa 150 kwa mkono wake mwenyewe, na sehemu kubwa ya kurasa hizo ni kujitetea kuhusu misumari ile na jina lake. Hata hivyo, humo humo aliacha fedha za kujengea Boston jengo la mji lenye soko. Ukisoma wosia ule unamwona mtu anayeitaka pepo na faida kwa pamoja, naye hajui aziweke wapi. Kwa maoni yangu, mtoto akimwelewa Keayne ameelewa Wapuritani kuliko akikariri orodha ya magavana.

Ardhi ndiyo sehemu chungu, na hapa mwanao yuko karibu na ukweli kuliko mahubiri mliyoyasikia. Wakoloni waliikuta pwani ina mashamba yaliyokwisha kufyekwa na hayana watu, wakaona ni mkono wa Mungu. Kumbe kati ya 1616 na 1619 maradhi yaliyoletwa na meli za Ulaya yalikuwa yameua sehemu kubwa ya wenyeji wa pwani. Plymouth ilijengwa juu ya kijiji cha Patuxet, ambacho watu wake walikuwa wamekufa. Mwaka 1633 na 1634 ikaja ndui.

Baada ya hapo ardhi ilihama kwa njia kadhaa, na mara nyingi hapakuwa na mtu aliyeshika bunduki siku yenyewe ya kuhama. Wenyeji walikuwa wakiuza ngozi za biva, mnyama wa mtoni mwenye manyoya ya thamani, na shanga za magamba ya baharini ziitwazo wampumu, ambazo wakoloni wenyewe walizitumia kama fedha kwa miaka mingi. Biva wakaisha kwa kuwindwa. Mwaka 1661 Massachusetts ikaacha kuzitambua wampumu kama fedha halali. Mwenyeji aliyekuwa amezoea kununua shoka, sufuria na kitambaa kwa mkopo akabaki na kitu kimoja tu cha kulipia deni, nacho ni ardhi. Ongeza na mifugo. Ng'ombe na nguruwe wa wakoloni waliachwa wazurure, wakaingia kwenye mahindi ya wenyeji yasiyo na uzio. Mwenyeji akimuua nguruwe alipelekwa mahakama ya wazungu. Na mara nyingi aliyetia alama yake kwenye hati alidhani anawakaribisha watumie mahali kwa pamoja naye, huku mnunuzi akidhani amemhamisha kabisa.

Mji wenu ni mfano mzuri wa haya. Mwaka 1674 Daniel Gookin na wenzake walipata kwa Wanipmuc, wenyeji wa eneo hilo, hati ya eneo la maili nane kwa nane, mahali ambapo leo ni Worcester, kwa pauni 12. Gookin huyo huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa serikali kwa wenyeji waliokubali Ukristo, yaani mlinzi wao ndiye aliyekuwa mnunuzi. Mwaka uliofuata vikazuka vita vya Metacom, kiongozi wa Wawampanoag ambaye Waingereza walimwita King Philip. Walowezi wachache waliokuwa wameanza kujenga Worcester wakakimbia. Makazi ya kudumu hayakuanza hadi 1713.

Vita hivyo vya 1675 na 1676 viliteketeza miji kadhaa ya Kiingereza, na kwa upande wa wenyeji vilikuwa maangamizi. Mateka kwa mamia waliuzwa utumwani ng'ambo. Wenyeji Wakristo wa Natick, ambao hawakuwa wamepigana, walihamishiwa kisiwa cha Deer kwenye bandari ya Boston majira ya baridi, na wengi wakafa kwa njaa na baridi. Niseme pia kwamba Gookin aliwatetea watu hao hadharani, akachukiwa na kutishiwa kwa sababu hiyo. Mtu huyo mmoja alifanya yote mawili. Usimruhusu mwanao afute mojawapo ili habari ipate mwelekeo mmoja.

Sasa tuingie kwenye fedha. Kwa miaka kumi ya mwanzo, uchumi wa Massachusetts uliishi kwa wageni. Kila mwaka meli zilileta familia zenye fedha mkononi, nazo zilihitaji ng'ombe, mahindi na mbao. Waliotangulia wakawauzia waliofuata. Karibu na 1640 mgogoro wa mfalme na bunge ukaelekea vitani kule Uingereza, Wapuritani wakaona mambo yanageuka kwao, na hawakuwa tena na sababu ya kuhama. Meli zikakoma. Ng'ombe aliyekuwa akiuzwa pauni 20 akashuka kwa muda mfupi hadi karibu pauni 5. Fedha taslimu ikapotea mitaani. Na bado walihitaji nguo, vyuma na zana kutoka London, ambako mkono mtupu haulambwi.

Ardhi yao haikuota kitu ambacho London ilikitaka. Virginia ilikuwa na tumbaku, wao walikuwa na mawe, misitu na samaki. Walijaribu viwanda, kile cha chuma cha Saugus kilianza mwaka 1646, kikafa baada ya miongo miwili na ushee kwa madeni na kesi. Kilichowaokoa ni kwamba miaka hiyo hiyo ya 1640, kisiwa cha Barbados kiligeukia miwa. Wenye mashamba kule waliona sukari inalipa kiasi kwamba ni hasara kupanda chakula. Mwaka 1647 Winthrop alipata barua kutoka kisiwani ikimweleza hivyo hasa, kwamba watu wako tayari kununua chakula kwa bei ya juu kuliko kuacha miwa wakilime. Winthrop akaandika katika shajara yake kwamba Bwana amewafungulia biashara na Barbados.

Hebu fikiria mama ntilie aliyeweka meza yake nje ya geti la mgodi. Hachimbi dhahabu, wala hana leseni ya mgodi, lakini mgodi ukifungwa leo, kesho naye hana mteja. New England, yaani Massachusetts na makoloni jirani yake, ilikaa hivyo mbele ya visiwa vya sukari. Iliwapelekea nyama ya chumvi, farasi wa kuzungusha mitambo ya kukamulia miwa, mbao za nyumba, na vipande vya mbao vya kuundia mapipa ya sukari. Samaki aina ya chewa walikaushwa na kupangwa kwa daraja. Wale wazuri walikwenda Hispania, Ureno na visiwa vya mvinyo. Waliovunjika, waliokolea chumvi au walioanza kuharibika walipelekwa Karibi kulisha Waafrika waliokuwa watumwa mashambani. Meli zilirudi na molasi (maji mazito matamu yanayobaki sukari ikitengenezwa), sukari, pamba, na hati za malipo zilizofanya kazi kama hawala: mwenye shamba wa Barbados ana fedha London, anamwandikia mfanyabiashara wa Boston hati, naye anaitumia kulipa deni lake la nguo kule kule London. Hivyo ndivyo deni la nguo na vyuma lilivyolipika.

Biashara hiyo ilitaka meli, meli zikataka mafundi, mafundi wakataka kamba, tanga, chuma na chakula. Sheria za Uingereza za usafiri wa baharini, kuanzia 1651, zilizuia meli za mataifa mengine lakini zikazihesabu meli za makoloni kuwa za Kiingereza, jambo lililowafaa sana wajenzi wa Boston na Salem. Hata mkulima wa bara ambaye hakuwahi kuiona bahari alinufaika, kwa kuwa nguruwe wake na pipa lake la nyama vilikuwa na pa kwenda. Baadaye, katika karne ya 18, molasi ilitengenezwa ramu, aina ya pombe kali, na meli za Rhode Island hasa zikaibeba hadi Afrika Magharibi kununulia watu.

Je, walikuwa na watumwa nyumbani kwao? Ndiyo. Mwaka 1638 meli iitwayo Desire, iliyokuwa imepeleka Karibi mateka wa Kipequot, kabila la wenyeji, baada ya vita vya 1637, ilirudi na pamba, tumbaku na Waafrika. Hapo utaona kwamba wenyeji na Waafrika walipitia meli moja kwa kupishana. Mwaka 1641 Massachusetts iliandika sheria iliyotambua utumwa wa mateka wa vita "vya haki" na wa wageni wanaouzwa. Ilitangulia makoloni yote ya Kiingereza ya bara la Amerika Kaskazini kuuandika utumwa katika sheria. Idadi ya watumwa haikuwa kubwa kama Virginia, lakini katikati ya karne ya 18 karibu mtu 1 kati ya 10 mjini Boston alikuwa Mwafrika mtumwa: mpishi, mpagazi, fundi, mtumishi wa nyumba ya mchungaji.

Kwa hiyo bidii na dini vilichangia nini? Wasomi wanaendelea kubishana, na wale wa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20 waliosema maadili ya Kiprotestanti ndiyo mama wa ubepari bado wana wafuasi. Mimi nakubaliana nao kwa sehemu ndogo. Dini iliwaleta kama familia, na katika hali ya hewa isiyo na malaria nyingi watoto walikua. Watu 20,000 wakawa karibu 90,000 ifikapo 1700, wengi kwa kuzaliana. Dini iliwataka wasome Biblia, ndiyo maana Harvard ilianzishwa 1636, na sheria ya 1647 ikataka kila mji wa familia 50 uwe na mwalimu. Mji wenye mkutano wake, daftari lake na mipaka iliyoandikwa ni mahali pazuri pa kufanyia mikataba. Mfanyabiashara alimwamini wakala wake Barbados kwa sababu ni mtoto wa ushirika mmoja, na wakati mwingine ni ndugu: mtoto wa Winthrop, Samuel, alihamia Antigua akawa na shamba la miwa. Lakini ukiondoa soko la visiwa vile, wacha Mungu hao wangebaki wakulima wa kujikimu kwenye mawe yao. Bidii ilikuwepo. Mnunuzi ndiye aliyeigeuza kuwa utajiri, na mnunuzi huyo aliishi kwa jasho la watumwa.

Mtaji uliokusanyika kwenye meli uliendelea kusafiri. Wafanyabiashara wa Salem walifika Zanzibar miaka ya 1820. Seyyid Said akafunga mkataba na Marekani mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza aliyekuja kukaa, Richard Waters, mwaka 1837, alitoka Salem. Merikani waliyovaa na kuuziana mababu zetu kutoka pwani hadi Tabora ilifumwa kwenye viwanda vya New England, kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, nazo meli zikarudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Mwanao ana haki ya kuliingiza hili kwenye kazi yake, maana historia ya huko anakoishi na ya kwao alikotoka mama yake zilikutana zamani.

Kuhusu imani: hutamvunja mtoto kwa kumwambia ukweli. Mtakachofanya ni kutafuta Wapuritani waliotumia Biblia ile ile kupinga maovu ya wenzao. Samuel Sewall, mmoja wa majaji waliowahukumu watu kwa uchawi kule Salem mwaka 1692, alisimama kanisani mwaka 1697 huku tamko lake la kukubali lawama likisomwa mbele ya ushirika. Mwaka 1700 akachapisha kijitabu cha kupinga utumwa, akitumia habari za Yusufu kuuzwa na ndugu zake. Wenzake wengi hawakumsikiliza. Kwa mtoto wa kanisa, huyo ana mengi ya kumfundisha kuliko shujaa asiye na doa.

Sasa mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, na inabidi mtoke nyumbani. Mwanao akitaka kuandika juu ya Wanipmuc, asiandike kama watu waliokwisha. Wako, na kipande chao kidogo cha ardhi cha Hassanamisco kipo Grafton, jirani na kwenu, hakijawahi kutoka mikononi mwao. Ulizeni kwa heshima kama kuna siku ya wageni, mwende mkasikilize. Mkitaka hati za ardhi na madaftari ya mji, anzeni na mkutubi wa historia wa maktaba ya mji. Hiyo ndiyo kazi yake na hatozi kitu. Nyaraka za koloni ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo, Boston, ambako mtu wa kawaida anaruhusiwa kuingia na kuomba kuona. Na ukihisi kwamba darasani mtoto anaaibishwa kwa asili yake au kwa imani yake wakati wa masomo haya, hapo suala si la historia tena: panga miadi umwone mwalimu ana kwa ana, usitume ujumbe.

Kama nafasi kwenye kazi yake ni ndogo, ningemshauri aache Mayflower kabisa, ana kurasa chache na kila mtu ataiandika. Achukue hati ile ya pauni 12 ya 1674 upande mmoja, na upande mwingine kesi ya Quock Walker, Mwafrika wa Barre, katika kaunti yenu hiyo hiyo, aliyemkimbia bwana wake, akapigwa, na mwaka 1783, katika kesi iliyosikilizwa hapo hapo Worcester, jaji mkuu William Cushing akaliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba utumwa haupatani na katiba ya Massachusetts ya 1780. Kumbukumbu za mambo yote mawili zipo. Mwandiko wa karne ya 17 ni mgumu kusoma, kwa hiyo muombe mkutubi awasomee mistari michache ya mwanzo mpaka jicho lizoee, na akikwama popote kabla ya 1713, niandikie tena.